Nyigu Asiye na Mabawa

Mume wangu Onesmo hakufukuzwa kazi kwa wizi wala kwa ulevi. Alifukuzwa kwa ajili ya sisimizi watatu, na wala hawakuwa sisimizi. Nalisema hili mapema kwa kuwa pale Samuye wapo wanaolisimulia jambo lenyewe kichwa chini miguu juu, nami nimechoka kuwasahihisha mmoja mmoja.

Kazi ilikuwa ya mbung'o. Mwaka ule wa hamsini na mbili Serikali ilikuwa na kambi porini, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Kambini alikaa Mzungu mmoja mrefu mwenye miwani, watu wakimwita Bwana Mbung'o, naye akiitika. Ng'ombe walikuwa wanakwisha kwa kuumwa na hao wadudu, kwa hiyo Bwana alitaka kujua mbung'o anazaliwaje na anakufaje. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wa jikoni. Anazaa funza mmoja tu, funza anajifukia kwenye mchanga mkavu chini ya gogo, anakauka, anageuka kitu kigumu cheusi, kikubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Sisi tuliviita mbegu. Baada ya mwezi na siku kadhaa mbegu inafunguka kwa juu kama kifuniko, mbung'o anatoka. Kina Onesmo walizichimbua mbegu hizo kwa vidole, wakazitia kwenye vichupa vya kioo vyenye mchanga, wakaziba kwa pamba na kumkabidhi nyapara, jina lake Stanslaus.

Sheria ya kambi ilikuwa moja. Sisimizi wanakula mbegu, kwa hiyo kichupa kikikutwa na sisimizi ndani, basi aliyekifunga aliacha pamba imelegea. Mara ya kwanza unaonywa, ya pili unaonywa, ya tatu unakwenda zako. Na sisimizi mwenyewe anapondwa papo hapo asije akaingia kwenye vichupa vya wengine.

Onesmo alikutwa nao mara tatu, wekundu, wenye madoa meupe mgongoni. Mara ya tatu Stanslaus alikifunga kichupa kwa uzi akamvika mume wangu shingoni, akamsimamisha mbele ya wenzake asubuhi, wakati wa kuitwa majina. Watu wakacheka. Onesmo ni mtu wa maneno machache, akasema tu, "Nilifunga," akaondoka.

Alipofika nyumbani akaanza kunieleza. Nami, Mungu anisamehe, kabla hajamaliza nikamuuliza, "Una hakika, Baba Klara? Labda siku ile ulikuwa umechoka." Akaliweka chini tonge alilokuwa ameshika. Siku ya tatu akaenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Baadaye muuza chumvi mmoja akaniletea habari kwamba mume wangu ni mzima, na kwamba harudi Samuye kukaa na watu wanaomwita mwongo.

Mama mkwe wangu Zipora hakulia wala hakunilaumu. Akaniambia kwa lile neno letu la Kisukuma la kumwita mama, "Mayu, mwanaume akienda kwenye dhahabu harudi kwa salamu. Anarudi kwa kufuatwa."

"Nitamfuata, mama," nikamjibu. "Ila siendi mikono mitupu. Arudi kwenye nini, kwenye kicheko cha Stanslaus? Nitampelekea kwanza jina lake likiwa safi."

"Utalisafishia wapi?"

"Hukohuko lilikochafuliwa."

Basi nikachukua ungo wangu, nikamwacha binti yetu Klara kwa bibi yake, nikaenda kambini kuomba kazi ya mume wangu.

Stanslaus alinipokea vizuri kwa salamu, kisha akauona ungo. "Mama Klara, hapa hatupepeti mtama."

"Mchanga nao unapepetwa," nikamwambia. "Nipe gogo moja."

Wanaume walikuwa wamekaa chini wakichambua mchanga kwa ncha za vidole, chembe kwa chembe, kama watu waliopoteza sindano. Mimi nikajaza mchanga kwenye ungo, nikapepeta. Vumbi likaenda na upepo, majani yakafuata, mchanga ukakaa upande wake na mbegu nyeusi zikabaki ukingoni, zimejipanga. Mkono wa mwanamke wa Kisukuma umeanza kazi hiyo tangu hajaota meno ya pili. Jua halijafika utosini nilikuwa nimewapita wote wanne. Bwana Mbung'o alisimama nyuma yangu kitambo kirefu mikono mfukoni, kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Huyu mama aanze kesho."

Stanslaus hakupenda, lakini neno la Bwana lilikuwa limetoka. Wenzangu nao wakanitania wiki nzima, eti mke wa sisimizi amekuja. Nikawaacha. Mwenye shida halumbani na mwenye nafasi.

Nilifunga vichupa vyangu kwa pamba mara mbili, nikavigeuza chini juu na kuvitikisa. Wiki ya sita Stanslaus akaniita kwenye chumba cha vichupa. Ndani ya kimoja cha kwangu alikuwa anatembea mdudu mwekundu mwenye madoa meupe. Sikuwahi kufurahi kumwona mdudu kama siku ile. Nikanyoosha mkono nimchukue nimtazame vizuri. Stanslaus alikuwa mwepesi kuliko mimi, akamtoa akamponda kwa kisigino.

"Ukoo mzima hamjui kuziba chupa," akasema. "La kwanza hilo."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Lakini ndipo nilipoielewa shida yetu. Kila aliyemwona yule mdudu alimponda kwanza, kisha akauliza ameingilia wapi. Kwa mtindo ule mume wangu angeapa mpaka siku ya kiyama bila kuaminiwa.

Nikaomba nipewe maganda ya kichupa kile, yaani zile mbegu zilizobaki tupu. Stanslaus akanipa kwa dharau, takataka zina faida gani. Nikayamwaga kwenye kiganja, nikaenda nje penye mwanga. Mengi yalikuwa yamefunguka kifuniko vizuri, ndivyo mbung'o anavyotoka. Moja halikuwa na kifuniko kilichofunguka. Lilikuwa na tundu ubavuni, lenye kingo za kutafunwatafunwa.

Stanslaus alikulia Ngokolo, mjini Shinyanga, unga wao ukinunuliwa dukani. Simlaumu kwa hilo. Mimi nimekulia kwenye mtama. Kila mwaka mama yangu alichagua mbegu za kupanda, akazitia kwenye mtungi, akauziba mdomo kwa udongo na samadi mpaka pumzi haipiti. Na kuna miaka tulifungua mtungi msimu wa kupanda tukakuta mtama umebunguliwa, wadudu wanatembea humo ndani. Hakuna mwanamke yeyote wa kwetu atakayesema kwamba mdudu alipita kwenye udongo. Alikuwamo ndani ya punje tangu shambani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikajua. Onesmo alifunga vizuri kabisa, na mdudu akafungiwa humohumo.

Kujua ni jambo moja, kumwonyesha nyapara ni jingine. Nilianza kuwatafuta wale wekundu porini. Kwenye kijito kikavu palikuwa na gogo la mninga lililoanguka, na mchana wa jua kali nikawaona wakitembea mchangani, mmojammoja, bila msafara. Hilo peke yake lilitosha kunishangaza, kwa kuwa sisimizi hatembei peke yake kama mgeni aliyepotea. Nikakaa kumtazama mmoja. Alipapasa mchanga kwa pembe zake, akachimba, akazama mwili wote. Alikaa humo muda wa kupika ugali ukaiva. Kisha akatoka, akaufukia mlango wake kwa miguu ya nyuma, akaenda. Nikachimba pale pale nikaikuta mbegu ya mbung'o, na ubavuni ina alama ndogo kuliko ncha ya sindano, imezibwa.

Nikamkimbilia mwingine nimshike kwa vidole. Akanichoma. Jamani, nimezaa, nimewahi kuungua kwa mafuta ya moto, lakini maumivu yale yalinikalisha chini. Kidole kilivimba mpaka kikakataa kukunjika. Nikatia mate, nikaendelea kuokota mbegu walizochimbia kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeshaipata njia, sikuwa tayari kuiachia kwa sababu ya kidole.

Asubuhi iliyofuata, majina yalipokwisha kuitwa, nikatoka mbele kabla watu hawajatawanyika. Bwana alikuwapo.

"Nyapara Stanslaus," nikasema, "nina mbegu ishirini hapa. Zitazame moja moja, kisha uzitie wewe kwenye vichupa, uzibe wewe. Usizibe kwa pamba peke yake, weka na nta ya nyuki juu, na kwenye nta bonyeza dole gumba lako. Viwekwe mezani kwa Bwana. Akitokea mdudu mwekundu ndani, utasema hapa hapa mbele ya watu kwamba Onesmo alifunga. Asipotokea, naondoka, na mwanamke wa Samuye hatakanyaga tena kambi hii."

Wenzangu wakanong'ona. Stanslaus akacheka, akamtazama Bwana, Bwana akatikisa kichwa kukubali. Nta ikaletwa. Stanslaus alibonyeza vichupa vyote ishirini kwa dole gumba lake, kwa mbwembwe, kama anayetia sahihi hukumu. Bwana akachoma nta kwa sindano nyembamba ili hewa ipite, tundu ambalo hata kiroboto angelala njaa akijaribu kulipita.

Kisha tukasubiri. Kila asubuhi kabla ya kwenda porini niliingia kutazama. Siku ya ishirini na mbili akatoka mbung'o, siku iliyofuata wakatoka watatu. Stanslaus alinipongeza kwa kila mbung'o. "Mama Klara, mwanao mwingine kazaliwa." Vichupa vikafunguka kimoja baada ya kingine, mbung'o mtupu. Siku ya thelathini na tano vilibaki vinne vyenye mbegu ngumu, nyeusi, kimya.

Sitadanganya, niliogopa. Nilianza kujiuliza kama nililiona lile tundu kwa macho au kwa tamaa. Mama Zipora akaniuliza kwa nini siku hizi napika ugali mbichi. Nikamwambia naona kama nimekosea, na kama nimekosea basi hata nikienda Geita sina cha kusema. Akanisonya. "Mtama wenye wadudu huchelewa kutumbuka, mayu. Ulifundishwa nini kwenu?" Nikacheka, na kesho yake nikaenda tena.

Siku ya arobaini na moja nilimkuta Stanslaus chumbani mbele yangu. Alikuwa ameinama mezani. Kwenye kichupa cha tatu kati ya vile vinne mbegu ilikuwa inatafunwa kutoka ndani. Tulikiona kichwa chekundu kikisukuma, kikapumzika, kikasukuma tena. Tundu likapanuka, akatoa miguu ya mbele, akajivuta. Akasimama juu ya ganda lake akijifuta uso. Nta ilikuwa nzima, na dole gumba la Stanslaus juu yake.

Mkono wa Stanslaus ulienda kwenye kichupa. Nikauwekea wangu juu.

"Ukimponda huyu," nikamwambia taratibu, "ujue umejiponda mwenyewe. Hilo dole ni lako."

Alibaki hivyo, mkono chini ya mkono wangu, jasho likimtoka. Ningeweza kumtukana, na matusi nilikuwa nayo ya kutosha, niliyaandaa miezi. Lakini nilipomtazama usoni nikaona kwamba hakuwa na mimi kabisa, alikuwa anahesabu.

"Nimewafukuza watu sita," akasema. "Sita, Mama Klara. Kwa kosa hilihili."

"Basi una kazi ya kufanya. Anza na kumwita Bwana."

Akaenda mwenyewe, mbio. Bwana alikuja na povu la sabuni shavuni, akavaa miwani, akatazama. Kisha akasema huyu si sisimizi. Ni nyigu.

"Nyigu gani asiye na mabawa?" nikauliza.

"Jike hana. Dume anayo." Alitoa kitabu kinene, akafunua, akaniwekea kidole kwenye mistari miwili. Ndiyo yote waliyoandika Wazungu juu ya mdudu huyu, mistari miwili, na mmoja ulikuwa wa jina tu. Jike anatafuta mbegu ya mbung'o, anaitoboa, anaweka yai, mtoto wake anamla mbung'o humo ndani. Bwana akasema kwa miaka mitatu amekuwa akitafuta kitu kinachoua mbung'o, na kwa miaka hiyo hiyo watu wake wamekuwa wakikiponda kwa amri yake. Alivua miwani, akaifuta, akavaa tena.

Alitaka kuniandikia barua ya sifa. Nikamwambia barua aandike, lakini ahadi ilikuwa ya nyapara. Asubuhi iliyofuata Stanslaus alisimama mahali palepale aliposimamishwa mume wangu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Onesmo alifunga. Kosa ni langu." Akawataja na wale wengine watano kwa majina. Hakuna aliyecheka. Nampa haki yake Stanslaus, kusema vile kulimgharimu, na alisema.

Nikaomba ruhusa. Nilibeba barua ya Bwana, na kichupa chenye nyigu mmoja aliyekauka. Lori hadi Kahama, lori jingine hadi Geita, siku tatu njiani, vumbi mpaka kwenye meno. Nilijiona jemadari. Njia nzima nilikuwa napanga maneno yangu, jinsi nitakavyosimulia nta, na dole gumba, na jasho la nyapara.

Nilimkuta kwenye machimbo madogo nje ya mji, anavuta kamba kwenye roda, ndoo za mawe zinapanda kutoka shimoni. Alikuwa amekonda. Mtu mmoja akanikemea nisisogee, eti mwanamke akikaribia shimo dhahabu inakimbia. Nikamwambia ikimbie, sikuja kwa ajili yake. Onesmo akasikia sauti yangu, akamwachia mwenzake kamba.

Tukakaa juu ya lundo la mawe. Nikamweleza yote mwanzo mpaka mwisho, nikampa barua, nikampa kichupa. Barua hakuifungua. Kichupa alikiinua juani akakitazama sana.

"Ndiye," akasema. "Yule wa tatu nilimwona akitoka. Nilikuwa nimeshika kichupa, nikaona kichwa kinatokeza kwenye mbegu."

"Ulimwona?" Nilisimama. "Sasa mbona hukumwambia Stanslaus?"

"Angeniamini Stanslaus?" Akanirudishia kichupa. "Nilikuja kukuambia wewe. Nilikuwa ndiyo naanza. Ukaniuliza kama nilichoka."

Nilikuwa nimemshinda nyapara, nimemwonyesha Mzungu kitu alichokitafuta miaka mitatu, na muda wote ule mtu aliyemfukuza mume wangu Samuye alikuwa anapika ugali nyumbani kwake.

"Nilikukosea, Baba Klara," nikasema. "Stanslaus alikuwa na sheria ya kumzuia asikuamini. Mimi sikuwa na sheria yoyote. Nilikuwa na wewe tu, na sikukuamini."

Shimoni wakapiga kelele kamba ivutwe, akaondoka kwenda kuvuta. Mimi sikuondoka. Nilikaa palepale kwenye mawe hadi jioni, na siku ya pili, na ya tatu. Mwanamke mmoja muuza uji, Philomena, alinipa mahali pa kulala na kunishauri nirudi kwetu, wanaume wa machimboni hawabembelezeki. Nikamwambia sibembelezi, nimekaa. Siku ya pili Onesmo aliniletea maji ya kunywa. Siku ya tatu alikuja akauliza kama Klara bado anakohoa asubuhi, nikamwambia ameacha.

Siku ya nne alikuja na kifurushi chake cha nguo. Akasimama mbele yangu.

"Niulize tena," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Kama nilifunga."

Nikamtazama. Alikuwa amenikazia macho.

"Siulizi," nikamwambia.

Akashusha pumzi. Akanipa kifurushi nibebe, tukaenda kutafuta lori la Kahama.